Mzigo Unapohama Njia: Shoti, Mzigo Uliozidi na Matengenezo katika Mitambo ya UPS

Mtambo wa umeme usiokatika, unaojulikana na wengi kwa kifupisho cha UPS, husifiwa kwa kuziba pengo umeme wa gridi unapokatika, ilhali kazi hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote unazofanya. Hoja ya mada hii ni kwamba mtambo hujaribiwa zaidi pale mzigo wake, yaani vyombo vinavyoutegemea, unapohamishwa kutoka njia moja ya umeme hadi nyingine, na kwamba wanunuzi huuliza mno juu ya dakika za betri na kidogo mno juu ya njia hizo.

Katika mitambo ya ugeuzi maradufu, rektifaya hugeuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu, ambao huchaji betri na wakati huohuo kulisha inveta, nayo inveta huurudisha kuwa mkondo geu ulio safi kwa ajili ya mzigo. Sambamba na njia hiyo upo mchepuko, unaopeleka umeme wa gridi kwenye mzigo moja kwa moja kupitia swichi tuli, iliyoitwa hivyo kwa kuwa haina kiungo kinachosogea bali hutumia thairista, na hivyo huhamisha mzigo kwa milisekunde chache. Mzigo hauhisi uhamisho huo endapo inveta na gridi zinalingana kwa volti na kwa frikwensi, ambayo ni idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde, na mawimbi yake yanapanda na kushuka pamoja. Jenereta iliyoshika nafasi ya gridi, ambayo frikwensi yake inayumba, hulivunja sharti hilo, na mchepuko ukawa umezuiwa pasipo mtu kujua, isipokuwa yule mwenye desturi ya kusoma kioo cha mtambo.

Umuhimu wa mchepuko huonekana waziwazi panapotokea shoti. Tuseme mtambo wa kVA 10 unatoa volti 230, na kwa hiyo mkondo wake wa kawaida ni takriban ampea 43; inveta yake, ambayo kwa kujilinda huubana mkondo, ikiweza kutoa mara mbili ya kiasi hicho kwa muda mfupi, itafikia ampea 87 hivi. Breka ya aina C ya ampea 32 haikati papo hapo mpaka ipitiwe na mkondo wa mara tano hadi kumi ya kipimo chake, yaani ampea 160 hadi 320. Inveta haina nguvu hiyo. Breka itangoja ipate joto kwa sekunde kadhaa, na katika muda huo volti imekwisha kuporomoka na kompyuta zote zimezimika, hata zile zisizohusika na shoti. Ndiyo sababu mtambo huukimbizia mzigo kwenye mchepuko, ili gridi itoe mkondo mkubwa wa kuiangusha breka, kisha mzigo urudi kwa inveta. Lakini shoti ikitokea gridi ikiwa imekatika, hakuna pa kukimbilia. Dawa yake haimo ndani ya mtambo bali katika ubao wa usambazaji: saketi nyingi ndogo zenye breka kama ya aina B ya ampea 10, ambayo hukatwa papo hapo na ampea 30 hadi 50, kiasi ambacho inveta hiyo inakimudu.

Mzigo uliozidi hauna haraka kama shoti. Mitambo mingi huvumilia asilimia 125 kwa dakika kama 10 na asilimia 150 kwa dakika moja, kisha huhamia kwenye mchepuko au, gridi isipokuwepo, huzima. Hatari iliyojificha zaidi iko penye mitambo miwili inayogawana mzigo kwa nia ya kusaidiana, kwani vyombo vikiongezwa kidogo kidogo hadi kila mmoja ubebe asilimia 60, hakuna kengele itakayolia, ila siku mmoja utakapoharibika wa pili utabebeshwa asilimia 120, na usaidizi uliolipiwa kwa gharama kubwa utakuwa wa jina tu.

Kuhusu matengenezo, tukio la British Airways la tarehe 27 Mei 2017 linastahili kuangaliwa. Abiria wapatao 75,000 walikwama baada ya umeme kukatika katika kituo cha data karibu na uwanja wa Heathrow, na Willie Walsh, aliyekuwa mkuu wa kampuni mama, alieleza kwamba fundi aliukata umeme, na kwamba uharibifu mkubwa ulitokana na jinsi ulivyorudishwa bila utaratibu. Kukata kulizima mashine, kurudisha kuliziharibu.

Kwa sababu hiyo swichi ya mchepuko wa matengenezo, inayozungushwa kwa mkono ili mtambo utengwe kabisa, ina mfuatano usiovunjwa: mzigo huhamishiwa kwanza kwenye swichi tuli, ndipo ile ya mkono hufungwa, na mwisho kabisa njia ya kutokea mtamboni hukatwa. Fundi akianza na swichi ya mkono inveta ikiwa bado inafanya kazi, anaunganisha vyanzo viwili, na inveta ndiyo huungua. Mitambo bora huzuia kosa hili kwa kufuli ambayo ufunguo wake hauachiliwi mpaka hatua iliyotangulia ikamilike. Hata baada ya hapo kapasita hubaki na chaji kwa dakika kadhaa, na mlolongo wa betri 40 za volti 12, unaofikia volti 540 hivi ukiwa kwenye chaji, hauna swichi inayoweza kuuzima wenyewe. Unaweza tu kukatwa vipandevipande kwa kutoa viungo vya kati. Wakati wa kurudisha, mfuatano hugeuzwa, na fundi hupima volti pande mbili za swichi ya njia ya kutokea mtamboni, ikiwa bado wazi, kabla ya kuifunga, kwani kipimo kisichokaribia sifuri ni ishara kwamba mzigo haupaswi kuhamishwa bado.