Tamko Linalokuja Nyuma ya Wimbo

Msikilizaji wa Chanika, ile ya Handeni na si ile ya Ilala, pamoja na jirani yake wa Korogwe, alizisikia Novemba 2018 habari za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kuufungia wimbo "Mwanza" wa msanii Rayvanny aliomshirikisha Diamond Platnumz, na kwa hiyo maoni haya hayatazirudia. Yatashughulikia jambo linalokitia wasiwasi kituo hiki cha redio, nalo ni kwamba tamko lilikuja nyuma ya wimbo. "Mwanza" ilitolewa kama singo, yaani wimbo mmoja unaotangulia peke yake bila kungoja albamu, na katika siku chache za mwezi huo ilikuwa imeshafika: ilikuwamo katika simu za waendesha bodaboda, katika memori kadi zinazojazwa nyimbo vibandani, na midomoni mwa watoto wanaotoka shule. Marufuku iliikuta redio, kwa kuwa redio ina leseni na mlango unaojulikana, lakini haikumkuta mtoto, ambaye alikuwa ameshaukariri wimbo wote na sasa akaongezewa sababu ya kuuliza kwa nini wakubwa wanaukataza.

Kiini cha lawama kinajulikana. Wimbo unaitaja Nyegezi, kata ya Jiji la Mwanza yenye stendi ambamo mabasi mengi huanzia safari zake, na hakuna ubaya wowote katika kuitaja. Ubaya unaodaiwa ni kwamba jina hilo, likikatwa katikati na kurudiwarudiwa kwa mdundo, hutoa neno la matamanio ya mwili ambalo mtu mwenye adabu halitamki mbele ya wakwe zake. Kituo hiki hakiutetei uchezaji huo wa neno, kwa sababu ni mwepesi mno, na msanii mwenye kipaji cha Rayvanny angeweza kufika mbali zaidi ya hapo. Lakini wepesi wa fumbo ni udhaifu wa sanaa, ilhali kosa la maadili ni jambo jingine, na mpaka kati ya mambo hayo mawili haukuwa umechorwa mahali ambapo msanii angeuona kabla ya kuingia studio.

Mkoa wetu wa Tanga una haki ya kuuliza juu ya mpaka huo, kwa kuwa umeishi kwa mafumbo. Fumbo, yaani usemi unaotaja kitu kimoja huku ukikusudia kingine, ndilo lililoibeba taarabu ya Tanga tangu siku za Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoleta gitaa la umeme mahali pa okestra kubwa, na ndilo lililomfanya msikilizaji wa mwimbaji Shakila ajue kwamba ua linaloimbwa si la bustanini. Katika unyago, yaani mafunzo anayopewa mwari anapovunja ungo, makungwi huimba mambo ambayo redio yoyote ingeyaogopa, wala hakuna mzee wa Kizigua au wa Kisambaa aliyewahi kuyaita machafu, kwa sababu kila wimbo una mahali pake, una saa yake, na una watu wake wa kuusikia. Wazee hawakuliua neno, bali walilipangia nyumba. Huo ni utaratibu kamili wa maudhui uliokuwapo karne nyingi kabla ya Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 iliyoliunda Baraza, na inasikitisha kwamba ni nadra kuuona ukitajwa pale nyimbo zinapohukumiwa huko Dar es Salaam.

Badala yake, tamko huja nyuma ya wimbo. Machi 2017 "Wapo" wa Nay wa Mitego ulifungiwa na mwimbaji wake akakamatwa mkoani Morogoro, kisha kwa agizo la Rais wa wakati huo, lililotangazwa na aliyekuwa Waziri, Harrison Mwakyembe, akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa kupigwa. Mwanzoni mwa 2018 nyimbo kadhaa zikazuiwa kwa mkupuo mmoja, nazo zilikuwa zimeshachezwa harusini na kuchezwa tena. Wimbo ukiwa mbaya asubuhi na mzuri jioni, msikilizaji hajifunzi maadili. Anajifunza kungoja kauli ya mkubwa.

Maadili, kwa maana ya mwenendo ambao jamii imekubaliana kuwa ni mwema, hayawezi kulindwa na anayefika shamba likiwa limeshaliwa. Baraza na liuchore mpaka huo, kwa Kiswahili kinachoeleweka Kwamatuku na Mombo, lieleze ni fumbo gani linavumilika mchana, ni lipi linangoja saa ambazo watoto wamelala, na ni lipi halivumiliki kabisa. Na liwaketishe mezani makungwi na washairi wa taarabu pamoja na wanasheria. Wasanii nao na wakumbuke kwamba sauti zao huingia nyumba ambazo hawakuzibishia hodi. Na mzazi wa Chanika asikae akisubiri barua kutoka Dar es Salaam ndipo ajue mwanawe anaimba nini: na aiombe ile simu leo jioni, ausikilize wimbo pamoja naye hadi mwisho, amwambie kwa maneno yake mwenyewe kwa nini unamkera, kabla singo ya wiki ijayo haijafika.