Mto Ukivushwa Mlima

Wasikilizaji, habari za mradi wa maji wa Mto Kiwira mmeshazisikia. Maji yatatoka Rungwe, yatavuka hadi Mbeya mjini, zaidi ya lita milioni 100 kwa siku. Mbeya ina kiu, na hakuna mwenye haki ya kuwanyima watu wa Mbeya maji. Kinachotusumbua sisi huku Chunya ni kingine: mto unatolewa bonde moja kupelekwa bonde jingine, na masharti yake hatujasomewa.

Kiwira ni mto wa Bonde la Ziwa Nyasa. Unapita chini ya Daraja la Mungu, unateremka Kyela kwenye mpunga na kokoa, unaingia ziwani. Maji yake yakishafika Mbeya hayarudi huko. Watu wakishaoga, wakishafua, maji yakishapita vyooni na gereji, mengi yake yatafuata vijito vya mjini vinavyokwenda Songwe, na Songwe inaishia Ziwa Rukwa. Rukwa haina mto wa kutokea. Kinachoingia mle maji yake huondoka na jua, uchafu unabaki. Tunauliza: lita hizo milioni 100 zikishatumika, nani atazisafisha? Ndugu zetu wa Galula, huko bonde la Rukwa, ambao majuzi tu tulikuwa nao wilaya moja, wameambiwa nini? Na watu wa Kyela, mwezi wa kumi mto ukishapungua, wataachiwa maji kiasi gani?

Hayo ni maswali ya mabonde mawili. Chunya ina la kwake, na tumelisema mara nyingi kwenye kipindi hiki: dhahabu inatoka, maji hayaji. Tangu miaka ya 1920 dhahabu ya Lupa inatoka. Nenda leo kwenye karasha Matundasi au Makongolosi wakati wa kiangazi. Utakuta shimo limetandikwa turubai, maji yale yale yanazungushwa kutwa nzima mpaka yanakuwa mazito kama uji, kwa kuwa ya kubadilisha hayapo. Pembeni kina mama wamepanga madumu ya njano, wanangoja boza, na boza halina saa. Dhahabu inatoka, maji hayaji.

Ndiyo maana vijiweni watu wanasema: basi na sisi watutobolee mlima, walete maji kwa handaki. Tunaielewa hamu hiyo. Mlima wa Mbeya umetuzuilia mvua miaka yote. Lakini kabla ya kushangilia handaki, tutazame wenzetu.

Kule Murang'a, Kenya, walichimba handaki la karibu kilomita 12 kuchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati kwenda bwawa la Ndakaini, yanywewe Nairobi. Serikali ilisema yatachukuliwa maji ya mafuriko tu. Mwaka 2016 wanasiasa wakapaza sauti kwamba Murang'a itageuka jangwa, na mkulima wa chai akabaki katikati, hajui amwamini nani, kwa sababu kipimo cha mto hakikuwa mkononi mwake. Hofu ile ingepungua sana kama takwimu zingetangulia kuliko mitambo.

Na hapa kwetu, Kihansi, milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki kuzungusha mitambo ya megawati 180, maporomoko yakakosa rasharasha, na vyura wale wadogo ambao hawapatikani popote pengine duniani wakaanza kufa. Mabomba ya kunyunyizia yakawekwa baadaye. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wamehifadhiwa Marekani ndio waliorudishwa. Umeme tuliuhitaji, na bado tunauhitaji. Lakini hesabu ya kiasi gani kibaki mtoni ilifanywa maji yakiwa yameshahamishwa. Ruaha Mkuu nao, tangu 1993, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na bado tunabishana nani alichota zaidi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha Bodi ya Bonde, na inatanguliza maji ya kunywa na uhai wa mto kuliko matumizi mengine yote. Mkoa wetu wa Mbeya una mabonde matatu, Rufiji, Nyasa na Rukwa. Bodi zipo. Kibali kisomwe hadharani basi. Kisomwe Rungwe, kisomwe Kyela, kisomwe Galula: kiasi kitakachochukuliwa masika, kiasi kitakachochukuliwa kiangazi, siku ambayo maji hayatachukuliwa kabisa, na mahali maji taka yatakaposafishwa.

Nanyi wana Chunya, msingoje kuletewa habari. Dhahabu inatoka, maji hayaji, na hayatakuja kwa kunung'unika dukani. Nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mnyooshe mkono. Mwulizeni diwani maji ya Chunya yako fungu gani kwenye bajeti ya mwaka huu. Jumuiya za watumia maji, daini kipimo kiwekwe mtoni na namba ziandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mwezi, kwa Kiswahili. Vijana wa makarasha, acheni kumwaga zebaki kwenye makorongo yanayoelekea Rukwa. Nanyi mnadaiwa na Rukwa. Diwani akijibu, mtuletee jibu lake hapa, tulisome. Asipojibu, tutasoma swali lenu kila wiki mpaka ajibu.