Mbao Nyuma ya Lipu



Wahandisi wapya, nimeombwa niseme machache, na yote yanatoka Lisbon. Mji huo wa pwani ya Ureno ulibomolewa na tetemeko Januari 1531, ukajengwa tena, watu wakaendelea na shughuli zao. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamefurika na mishumaa inawaka, ardhi ikatikisika upya. Walionusurika walikimbilia kando ya mto, pasipo na ukuta wa kuwaangukia. Maji yakarudi nyuma mpaka tope la chini likaonekana, kisha bahari ikawajia. Moto nao ukawaka siku kadhaa. Humo ziliteketea hata nyaraka za safari za Wareno katika Bahari ya Hindi, na sehemu ya historia ya pwani yetu ikaenda nazo.

Waziri Pombal akapeleka maswali kila parokia. Tetemeko lilidumu muda gani? Bahari ilianza kwa kupanda au kushuka? Wamekufa wangapi? Katika mji uliokuwa bado unazika, nauheshimu sana uamuzi huo wa kuuliza.

Ujenzi ulisimamiwa na Manuel da Maia, mhandisi wa jeshi aliyekaribia miaka 80. Ndani ya kuta mpya walisuka kizimba cha mbao: za wima, za mlalo, na za mshazari zinazokingamana. Walijaza mawe katikati, wakapiga lipu. Inasimuliwa kwamba walijenga kielelezo uwanjani, askari wakaamriwa kupiga kwata kukizunguka ili waone kama kitastahimili mtikisiko.

Ukipita leo mitaa ya Baixa, sehemu ya mji iliyojengwa upya hivyo, ubao huuoni. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa kuwa kizimba hakikuonekana, vizazi vya baadaye vilikisahau. Wenye majengo waliongeza ghorofa juu, wakavunja kuta za ndani wapate maduka mapana, na mbao zikakatwa pamoja nazo. Kila ukuta uliovunjwa, kuna fundi aliyekubali kuuvunja.

Nanyi mtaombwa hivyo hivyo. Mteja atataka nguzo iondoke kwa kuwa inaziba duka lake, na atakuwa na haraka. Mwombeni kwanza michoro ya jengo. Akikosa, bandueni lipu mtazame kilichomo, naye asubiri.