Kamera ya Kwanza Ijara: Jua, Subira na Idhini

Matini ya mhadhara kwa vijana wa Ijara wanaojifunza upigaji picha kama uraibu



Mwaka wa 2017 twiga wawili weupe, mama na ndama wake, walionekana katika Hifadhi ya Jamii ya Hirola ya Ishaqbini, hapa Ijara. Walirekodiwa wakiwa vichakani, na muda si mrefu picha zao zikaenea duniani kote. Weupe ule haukuwa ualbino. Ulitokana na hali iitwayo lusizimu, ambapo ngozi hukosa rangi lakini macho hubaki meusi. Mwezi wa Machi 2020 hifadhi ilitangaza kwamba mama yule na ndama wake wa miezi saba wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja peke yake. Mnamo Novemba mwaka huohuo alifungwa kifaa cha GPS kwenye pembe ili walinzi wa wanyama wajue aliko kila saa.

Mtoto wa Kotile anayetaka leo kumjua twiga yule mama, atamjua kwa picha tu. Picha zile zilipigwa kwa wakati, na zimebaki.

Kijana wa Masalani, Sangailu au Hulugho anayenunua kamera yake ya kwanza anaweza kudhani amejinunulia kitu cha kuchezea jioni. Si vibaya, uraibu huanza hivyo. Lakini mwenye kamera katika eneo kama Ijara ameshika kitu kinachoweza kuhifadhi na pia kinachoweza kudhuru. Kwa hiyo mafunzo yake yana sehemu mbili. Ya kwanza ni kuujua mwanga. Ya pili ni kujua lini pa kuinua kamera na lini pa kuiteremsha.

Wapo wanaosema kwamba upigaji picha ni wa wenye fedha na vyuo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na kulelewa Dar es Salaam. Alipokuwa mvulana wa shule alianza na kamera aina ya Box Brownie, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kamera ile ilikuwa kisanduku tu chenye lenzi moja. Mwaka wa 1984 Amin ndiye aliyezipiga picha za video za njaa ya Ethiopia kule Korem, zilizoifanya dunia ichange misaada. Mwaka wa 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwaka wa 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Safari yote hiyo ilianza na kamera kuukuu mikononi mwa mtoto.

Kamera ya DSLR ina kioo kidogo ndani yake. Mwanga huingia kupitia lenzi, hugonga kioo, kisha hupandishwa hadi kwenye dirisha la jicho. Kwa hiyo anachokiona mpiga picha ndicho lenzi inachokiona. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka, pazia liitwalo shata hufunguka, na mwanga huangukia kihisio kinachoandika picha. Siku hizi kampuni kubwa zimehamia kamera zisizo na kioo, na wengi wanauza DSLR zao. Hiyo ni nafasi kwa anayeanza. Anayenunua ya mkononi aulize idadi ya mara ambazo shata imefunguka, aitazame lenzi dhidi ya mwanga kama ina ukungu au ukoga, ahakikishe betri inashika chaji, na apige picha kadhaa papo hapo kabla ya kutoa pesa. Lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55, ambayo kwa kawaida huuzwa pamoja na kamera, inatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza.

Mwanga unaoingia hutawaliwa na mambo matatu. La kwanza ni tundu la lenzi. Namba yake ikiwa ndogo, kama f/4, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Ikiwa f/11, tundu ni dogo. La pili ni kasi ya shata. Moja juu ya 500 ya sekunde humgandisha mbuzi anayeruka, lakini moja juu ya 30 humwacha na ukungu. La tatu ni ISO, yaani wepesi wa kihisio kuupokea mwanga. ISO 100 hutoa picha safi, ilhali ISO ya juu sana huleta chengachenga. Mfano wa haraka kukumbuka ni huu: mchana wa jua kali Masalani, ISO 100, tundu f/8 na kasi ya karibu moja juu ya 400 huleta picha iliyo sawa. Wingu likifunika jua, tundu hupanuliwa au kasi hupunguzwa. Anayeanza aweke kamera kwenye alama ya M, ajaribu mwenyewe, akosee, na aangalie kilichobadilika. Kufuta picha mbaya hakugharimu kitu.

Kuna jambo moja ambalo kamera haijui, nalo huwasumbua wengi hapa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kinachotazamwa ni cha rangi ya kijivu. Kikielekezwa kwa twiga mweupe, hudhani mwanga umezidi, hivyo hupunguza, na twiga hutoka wa kijivu. Kikielekezwa kwa mama aliyevaa buibui jeusi, hudhani giza limezidi, hivyo huongeza, na buibui hutoka limepauka. Kikielekezwa kwa mzee aliyeketi chini ya mgunga huku mbingu ikiwaka nyuma yake, hufuata mbingu, na uso wa mzee hutoka mweusi usio na macho. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa kitu cheupe, jumlisha. Kwa kitu cheusi, toa. Kwa uso wenye mbingu nyuma yake, jumlisha, au mpiga picha azunguke hadi mbingu itoke nyuma ya mzee. Ni aibu kumpiga mtu picha akatoka hana uso wakati dawa iko chini ya kidole.

Ijara iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, na adhuhuri husimama juu ya utosi. Mwanga huo wa utosini hutia kivuli kizito machoni na kuunguza rangi ya mchanga. Anayetaka picha nzuri aondoke nyumbani baada ya sala ya alfajiri na kurudi saa mbili na nusu asubuhi, kisha atoke tena saa kumi na nusu jioni. Wakati huo mwanga huja kwa ubavu. Vumbi la ng'ombe wanaorudi zizini hung'aa, na mikunjo ya uso wa mchungaji huonekana. Saa za katikati ni za kivulini, ambako mwanga ni laini, au za nyumbani kusafisha lenzi na kuchaji betri kwa sola.

Mahali pa kusimama pana uzito sawa na saa. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mpiga picha usemi huu ni wa kufuatwa neno kwa neno. Mtoto akipigwa kutoka juu huonekana mfupi na mnyonge. Akipigwa na mtu aliyechuchumaa hadi macho yakalingana, huonekana alivyo. Ndivyo ilivyo kwa ndama, kwa kuku na kwa mzee aliyekaa mkekani.

Adui mkubwa wa kamera hapa ni vumbi. Lenzi isibadilishwe penye upepo. Ni heri kuingia ndani ya gari au nyumba, kuelekeza mdomo wa kamera chini, na kufanya haraka. Mfuko wa plastiki wenye kufungika huizuia kamera isiingiliwe na mchanga safarini, na wakati wa mvua za Gu na Deyr huizuia isilowe. Kamera isiachwe juani kwenye kiti cha pikipiki au dashibodi ya gari.

Huko Ishaqbini yuko pia hirola, swala mwenye matezi meusi mbele ya macho, ambayo humfanya aonekane kama ana macho manne. Duniani kote wamebaki chini ya 500 porini, na makao yao ya asili ni eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia. Hifadhi ilianzishwa na jamii mwaka wa 2007, na mwaka wa 2012 hirola 48 walihamishiwa katika boma lililozungushiwa uzio wa kuzuia simba, chui na mbwamwitu. Kijana wa Ijara anaishi karibu na mnyama ambaye wapiga picha wa nchi za mbali hulipa nauli kubwa kumfuata. Anayetaka kumpiga picha aombe ruhusa kwa uongozi wa hifadhi, aende na mlinzi, na akae mbali. Lenzi ya milimita 250 inahitaji kasi isiyopungua moja juu ya 400, la sivyo mtikisiko wa mikono utaonekana. Mnyama akiinua kichwa na kuacha kula, mpiga picha amekaribia mno. Picha iliyomkimbiza hirola mwenye mtoto imemgharimu zaidi ya inavyostahili.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya mafunzo inapoingia. Picha hubeba habari ambazo macho hayazioni. Simu na baadhi ya kamera huandika ndani ya faili mahali penyewe picha ilipopigwa. Anayeiweka mtandaoni picha ya mnyama adimu pamoja na alama hiyo, au anayeandika jina la bwawa anakonywa maji, amemwekea jangili kibao cha njia. GPS izimwe. Maelezo yaseme "Ijara", na hapo yakome.

Kwa watu, amri ya kwanza ni idhini. Mwanamke kisimani, mgonjwa katika foleni ya dawa na familia iliyohamishwa na mafuriko ya Mto Tana wana haki ya kusema hapana. Kuomba kufanyike kwa lugha ya mwenyewe, iwe Kisomali, Kiorma, Kiboni au Kiswahili, kabla kamera haijainuliwa. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Si maneno ya kitabuni tu. Mwaka wa 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Aidha, kambi za usalama, vizuizi vya barabarani na misafara ya maafisa si mada ya mazoezi, hasa upande wa msitu wa Boni. Na anayefikiria kurusha droni anahitaji kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Idhini haipunguzi uzuri wa picha. Mama aliyeulizwa huketi vizuri, huirekebisha shungi yake, na huitazama lenzi kama mwenye nyumba anayempokea mgeni. Na akiletewa nakala ya picha yake iliyochapishwa kwenye karatasi, mlango huo hautafungwa tena.

Kwa anayetaka mpango wa kuanzia, wiki nne zinatosha. Wiki ya kwanza, kitu kimoja, kwa mfano birika la chai dirishani, kipigwe kila saa ili mabadiliko ya mwanga yaonekane. Wiki ya pili iwe ya mwendo: soko la mifugo, mpira wa jioni, punda wa maji, kwa kasi tofauti za shata. Wiki ya tatu iwe ya nyuso kumi, zote kwa idhini. Wiki ya nne zichaguliwe picha tano tu, ziandikwe tarehe, mahali na jina la aliyekubali kutajwa, na zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, kwa sababu kadi hupotea na kompyuta huharibika.

Nje ya hapa, jina la Ijara hufika mara nyingi pamoja na picha ya ukame au habari ya usalama. Mambo hayo yapo na hayafichwi. Lakini yapo pia maembe ya kando ya Mto Tana, mabinti wa shule asubuhi na mapema, mafundi wa pikipiki, wazee wa suluhu chini ya mti, na dume yule mmoja mweupe anayefuatiliwa na walinzi. Mgeni huja kwa siku mbili na hupiga kile alichotumwa. Mwenyeji yupo mwaka mzima, anajua mvua ilianza lini na mzee gani hasikii vizuri. Akiwa na kamera, subira na adabu, atayahifadhi yale ambayo mgeni hakuyaona, na wajukuu watapata pa kutazama.