TUVUNE MITI YA MILIMANI KWA SHERIA



Leo tuzungumze juu ya mbao. Mbao ni fedha, hilo hatubishani. Watoto wetu wamesomeshwa kwa fedha hizo. Lakini kukata mti bondeni na kukata mti mteremkoni si mambo sawa.

Tukumbuke yaliyotokea Mgeta, katika milima ya Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya milimita 100 kwa muda usiotimia saa 3. Ardhi iliporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu walipohesabu, waliona karibu maporomoko yote yameanzia mashambani na penye majani matupu. Yaliyoanzia penye miti hayakufika hata moja katika mia.

Ni mizizi hiyo, jamani. Mti ukikatwa, mizizi haiozi siku ile ile. Inaoza polepole, na baada ya miaka michache haishiki udongo tena. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Mbona tulikata na hapakutokea kitu?" Angoje kwanza!

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuvuna katika msitu wa hifadhi.

Kibali ni kizuri, lakini hakizuii maji. Tunaloliona baya kuliko yote ni kuburuta magogo moja kwa moja kuteremka mlima. Gogo linachimba mfereji, masika yanaufuata, na mwakani ni korongo katika shamba la jirani ambaye hakupata hata senti. Afadhali mbao zipasuliwe pale pale mti ulipoanguka, zibebwe kwa njia inayozunguka mlima. Visiki viachwe ardhini, vingine vitachipua.

Haya kijiji kinaweza kuyafanya sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Nanyi mliojifunza kusoma, msikubali kusomewa tu. Ombeni karatasi, msome wenyewe. Kisha mvunaji akija na kibali chake, mwulizeni: magogo yatapita wapi?