Majani Yafananayo Si Dawa Moja



Karema, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, inamkumbuka tabibu wake, marehemu Adrian Atiman, aliyefika huko mwaka 1889 na kufariki mwaka 1956. Malaria ingali ipo katika mwambao huo, na mtu aliyeshikwa na homa huweza kuuziwa unga wa pakanga.

Swali ni hili: pakanga ipi? Jina hilo huweza kubeba mimea miwili. Artemisia afra ni kichaka cha asili ya Afrika, kidumucho miaka mingi, chenye majani ya kijivu. Artemisia annua, yenye asili ya China, huota, huchanua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Shambani mjuzi huitambua. Ikishakaushwa na kusagwa, jicho na pua havitoshi. Yote ni michungu, na yote hunukia.

Tofauti imo ndani. Mwaka 1972 Tu Youyou wa China na wenzake walitenga katika annua kiini cha artemisinini, kinachoua vimelea vya malaria. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Afra haina kiini hicho, au ina chembe tu zisizotosha kutibu.

Maabara huipambanua hivi: unga hulowekwa katika kimiminika, na tone lake huwekwa kwenye kibao chenye utando mwembamba, pembeni ya tone la artemisinini halisi. Kibao husimamishwa katika kimiminika kingine, nacho hupanda na kuvitawanya viini, kila kimoja kwa kimo chake. Kisha hupuliziwa kemikali na kupashwa moto. Doa likilingana na lile halisi, kiini hicho kinadhaniwa kuwamo, na vipimo zaidi huthibitisha na kuonesha kiasi chake.

Hata hivyo, annua ya kweli nayo si ruhusa ya kujitibu kwa chai. Kiini hupungua au kuzidi kwa mbegu, udongo na wakati wa kuvuna, na dozi pungufu huacha vimelea hai. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo.

Unguja na Pemba malaria imepungua sana, lakini msafiri atokaye Bara huweza kurudi nayo. Kwa hiyo kila mwenye homa anatakiwa apimwe damu kituoni na, akikutwa na malaria, amalize dozi ya dawa mseto. Wauzaji wa mitishamba nao wanahimizwa kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kuinadi.