Katibu Juu ya Pikipiki Katika Njia za Milimani
(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mbeya na Iringa)



Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia huingia nyanda za juu kwa kuupanda Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Hupita Iringa, Mafinga, Makambako na Chimala, ikafika Mbeya, na kuishia mpakani Tunduma. Katika barabara hiyo, hasa miezi ya kiangazi, huonekana wageni waliopanda pikipiki kubwa zenye masanduku ya bati kila upande. Wengine wametoka Nairobi, wengine Cairo, wengine Ulaya, nao wanaelekea Cape Town. Mgeni wa namna hiyo huwa amevaa kofia ngumu inayofunika uso mzima, koti nene lenye pedi za mabega na viwiko, glavu, na buti zinazokaribia magoti. Nyuma yake, katika vumbi lile lile, huja katibu wa chama cha msingi juu ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125, amebeba daftari la hisa, mizani na nusu gunia la mbegu. Amevaa shati, suruali ya kitambaa na kandambili. Kofia yake imetundikwa kwenye kioo cha pembeni.

Mgeni hupita njia hizi mara moja katika maisha yake. Katibu huzipita kila juma, masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Basi kati ya wawili hao aliye katika safari ndefu zaidi na yenye hatari zaidi ni katibu, na ndiye asiye na zana. Mazungumzo haya yahusu jambo hilo.

Wako wanaodhani kwamba kusafiri mbali kwa pikipiki ni kazi ya ujasiri tu. Sivyo. Mwezi Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther ya sentimita za ujazo 600, yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakafika Cape Town mwezi Julai 1935. Safari ilichukua zaidi ya miezi saba. Waliofika mbali kwa chombo hiki aghalabu wamekuwa watu wa subira, wanaojua kufungua injini na kufunga mzigo. Wenye papara hawakufika.

Tuanze na kichwa, maana kichwa hakina spea. Tarehe 13 Mei 1935 T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na kofia, naye alifariki siku 6 baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, aliwachunguza askari wa pikipiki, ambao kazi yao ilikuwa kupeleka barua na amri kutoka kituo hadi kituo, kazi isiyo mbali sana na ya katibu. Katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1941 alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwa ajali za barabarani nchini Uingereza. Alipotafuta walioanguka wakiwa wamevaa kofia ngumu alipata 7 tu, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Kabla mwaka huo haujaisha, jeshi likawaamuru askari hao kuvaa kofia. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi walikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69.

Hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendeshaji avae kofia ngumu. Lakini wengi huivaa kwa ajili ya askari wa barabarani. Wakishavuka kizuizi, huirudisha mkononi. Kofia iliyotundikwa kwenye kioo hukilinda kioo. Kofia isiyofungwa ukanda wa kidevuni huruka kabla kichwa hakijagusa ardhi. Kofia ya mjenzi si ya pikipiki, hata ikiwa na rangi nzuri. Wala isinunuliwe kofia iliyokwisha kuanguka ajalini, kwa maana ile sponji ngumu ya ndani hubonyea mara moja tu. Ikishabonyea, kofia ni ganda tupu ingawa kwa nje inang'aa.

Kuhusu mavazi, yatosha kusema kwamba ngozi ya mtu inapokutana na changarawe kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi ndiyo inayoshindwa. Buti la ngozi linalopita kifundo cha mguu ni bora kuliko kandambili mara mia. Gambuti lafaa kwa tope, ila huchomoka mtu anapoanguka. Makoti mazito, hata yale yaliyoshonwa kwa ajili ya pikipiki, hupatikana katika mitumba ya Mbeya na Iringa kwa anayetafuta kwa subira. Glavu zina kazi mbili. Ya kwanza ni kulinda viganja, kwani kila aangukaye hutanguliza mikono. Ya pili ni baridi. Uwanda wa Kitulo upo kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na mwezi wa Juni na Julai alfajiri nyasi zake huwa nyeupe kwa sakitu. Katika baridi hiyo vidole hufa ganzi bila mwenyewe kujua, na siku anapotaka kubana breki kwa ghafla, vidole havimtii. Wale wanaovaa koti kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, wamegundua jambo la maana kuhusu upepo wala wasichekwe.

Sasa njia zenyewe. Iko njia inayotoka Chimala, pembeni mwa uwanda wa Usangu, kupanda hadi Matamba katika Wilaya ya Makete. Wenyewe huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Anayeweza kuipanda na kuishuka njia hiyo akiwa na mzigo, bila kutetemeka na bila kujigamba, anaweza kwenda popote Afrika.

Katika kupanda, taabu ni ya injini. Kila mita 1,000 za kimo, injini hupungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Yule anayelaumu petroli ya Chimala kwamba imechakachuliwa pengine anailaumu bure. Hapana budi kubadili gia mapema, kabla injini haijalia, na kutosimama katikati ya kona.

Kushuka ndiko kunakoua. Madereva wa zamani wa malori walikuwa na kanuni yao, nayo yafaa kwa pikipiki vile vile: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Injini iliyo katika gia ya pili huizuia pikipiki yenyewe, na breki hubaki kwa ajili ya kona na dharura. Lakini desturi iliyoenea ni kuweka gia huru, wanayoiita fri, ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa hivyo kutoka Matamba hadi Chimala haijazi chupa ya soda. Kwa upande wa pili, breki zinazobanwa mfululizo hupata moto, na zikishapata moto hukosa kushika. Mwendeshaji hulijua hilo katika kona ya arobaini hivi, akiwa na gunia mgongoni na bonde upande wa kushoto. Akijaribu wakati huo kuingiza gia, aghalabu huwa amechelewa.

Yako makosa mengine mawili ya breki. La kwanza ni kuiogopa breki ya mbele. Katika lami kavu uzito mwingi huenda mbele wakati wa kusimama, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayetegemea ya nyuma peke yake huburuza tairi na kufika mbali kuliko alivyotaka. Lakini katika tope au changarawe, na usukani ukiwa umekatwa, breki hiyo hiyo ikibanwa kwa nguvu humlaza mtu papo hapo. Mkono ujifunze kubana taratibu. La pili ni kupunguza mwendo ndani ya kona badala ya kabla ya kona. Tena ikumbukwe kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja ya kushtuka tu, kabla kidole hakijagusa breki.

Katika kona za Kitonga, na katika mteremko wa Iwambi kabla ya Mbalizi, adui ni lori. Lori refu haliwezi kukata kona bila kuchukua upande wa mwenzake. Basi mwenye pikipiki abaki kushoto kabisa, asiikate kona kwa ndani, na asikae nyuma ya tela mahali ambapo hawezi kuviona vioo vya dereva; asipoviona vioo, dereva naye hamwoni. Lori linaloshuka polepole na kufuka harufu ya breki lipewe nafasi yote ya barabara.

Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ina jambo lake: ukungu. Kuanzia Isyonje mtu aweza kuingia katika wingu saa nane za mchana asione hatua kumi mbele. Taa iwashwe, mwendo upungue, na kama hauoni ukingo wa barabara, simama nje kabisa ya lami. Uko kwenye majani mabichi na chai, mvua ya Rungwe haingoji masika. Tope jekundu la Mufindi na Kilolo nalo hujaza nafasi kati ya tairi na bamba la tope mpaka gurudumu likwame. Katika tope, simama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, na macho yatazame mbali, mahali unapotaka kwenda. Anayelitazama shimo huingia shimoni. Kijito kisichojulikana kivukwe kwa miguu kwanza.

Hapa lazima kugusa ulanzi, ingawa wengine hawatapenda. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, yaani wakati ule ule njia za Iringa zinapokuwa na utelezi, na kikombe cha asubuhi ni kitamu kama maji ya matunda. Katibu aliyekwenda kupima mahindi hukaribishwa kila nyumba, na kukataa huonekana kama dharau. Afadhali achukue chake katika dumu, afunge vizuri, akanywe nyumbani.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na kiti. Gunia lililowekwa mkiani hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na usukani huanza kucheza mara tu mwendo unapoongezeka. Vipande vya mpira wa tyubu ya zamani bado ni kamba bora, ila ncha zake zisining'inie karibu na mnyororo. Vitabu vya chama viwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya mkoba, na mkoba ufungwe kwenye pikipiki, si mgongoni kwa mwendeshaji. Kwa matengenezo ya njiani yatosha kuwa na pampu, viraka, tyubu moja, vyuma vya kubandulia tairi, spana za pikipiki hiyo, plagi, na waya mmoja wa klachi. Mtu afanye zoezi la kubandua tairi nyumbani mchana, wala asijifunzie porini Chunya usiku.

Ikiwa mwenzako ameanguka na hana fahamu, usimvue kofia kwa kuivuta, wala usimkalishe. Mshike kichwa na shingo visitikisike, ziba damu kwa kitambaa safi, na tuma mtu akatafute gari.

Limebaki jambo la chama chenyewe. Viko vyama vilivyonunua pikipiki kwa fedha za wanachama, mkutano ukashangilia, na kamati ikasema kwamba kofia na buti ni mavazi binafsi ya katibu. Bei ya vitu hivyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya pikipiki. Tena kamati nyingi hudhani kwamba bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, itamtibu katibu akianguka. Bima hiyo humlipa yule aliyegongwa. Mguu wa mwendeshaji mwenyewe haumo. Kinachomhusu katibu mwajiriwa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kupokea michango ya waajiri mwezi Julai 2015, na chama kinachomlipa katibu mshahara ni mwajiri kama waajiri wengine. Kamati iulize leo kama chama kimesajiliwa huko na kama michango imelipwa, kwa kuwa swali hilo likiulizwa wodini huwa halina faida.

Katika makisio ya matumizi ya kila mwaka mna fungu la pikipiki, lenye petroli, oili, tairi na spea. Kofia, koti, buti na glavu ziandikwe katika fungu hilo hilo, chini ya tairi, na zipitishwe na Mkutano Mkuu. Zihesabiwe siku mali za chama zinapohesabiwa. Na katibu mpya anapokabidhiwa ofisi, atie sahihi ya kupokea kofia kama anavyotia sahihi ya kupokea ufunguo wa kasiki.